Kampuni ya ndege inayokukatalia mzigo ndiyo ya kuaminiwa

Kila nikimaliza kusoma habari za barabara redioni, simu yangu inaanza kulia. Zamani watu waliuliza kama msafara wa Komanda umepita salama. Siku hizi wengi wanauliza jambo lingine: "Ndugu mwandishi, wewe unayezungukazunguka, tupande ndege ya kampuni gani?"

Wanaouliza siyo wakubwa wenye mikoba ya ngozi. Ni mama anayeuza vitenge. Ni kijana fundi wa simu anayefuata vifaa Bunia. Ni mkulima wa kakao anayetaka kuonana na mnunuzi ana kwa ana. Ni baba wa familia iliyokimbia vita upande wa Lubero, ambaye sasa anaishi kwa mjomba wake hapa Beni na anajaribu kuanza tena duka lake. Safari yao ni fupi. Kutoka Mavivi hadi Bunia, ukipita hewani, ni chini ya kilomita 150, nusu saa na dakika chache. Wanaenda Jumatatu, wanarudi Jumatano. Lakini pesa wanayolipa ni ya miezi mingi, na mara nyingine ni deni.

Jibu langu nalitoa hapa mwanzo, ndipo nieleze. Panda ndege ya kampuni ambayo umeiona kwa macho yako ikimkatalia mtu. Imkatalie mzigo uliozidi, imkatalie aliyekuja na tiketi ya mwenzake, imkatalie mkubwa anayetaka kuongezewa nafasi, au iwakatalie wote kwa sababu mvua imesimama juu ya mlima. Kampuni inayokubali kila kitu, mimi naiogopa.

Najua wengine watasema: huyu anaongea kama mtu anayelipiwa tiketi. Hapana. Tiketi yangu ya mwisho nililipa mwenyewe, na jirani yangu bado ananidai sehemu yake.

Tukumbuke kwanza namna gani tumefika hapa. Barabara ya kutoka Beni kupita Oicha, Eringeti na Komanda mpaka Bunia ni kama kilomita 200. Katika nchi yenye amani, hiyo ni safari ya asubuhi moja. Kwetu ni barabara ya mashambulizi, ya magari yaliyochomwa, ya kungoja wanajeshi wasindikize msafara. Upande wa kusini nako, tangu mwisho wa Januari 2025 ndege za abiria haziruki tena Goma, na mwezi wa Februari uwanja wa Kavumu, karibu na Bukavu, nao ukaingia katika vita. Mfanyabiashara wa Butembo aliyezoea kushuka Goma kwa gari amegeuza uso kuelekea Bunia, Kisangani au Kampala. Basi ndeke, kama tunavyoita hapa nyumbani, imekuwa taksi-basi yetu.

Na shida yangu iko hapo. Tumeingia ndani ya ndeke na desturi za taksi-basi. Tunabishana bei mlangoni. Tunasema "songea kidogo, mtoto atakaa mapajani". Tunaficha mfuko wa tatu chini ya kitenge. Tunamshika mkono komisionere wa uwanjani ili aongeze mmoja. Katika taksi-basi, ukiongeza mmoja, gari linapanda mlima polepole na wote wananung'unika. Angani hakuna kupanda polepole.

Ndege ndogo zinazokuja kwetu, kama Let 410 yenye viti visivyozidi 19, au Caravan yenye injini moja na viti vichache zaidi, zina hesabu moja tu ya uzito. Ndani ya hesabu hiyo wamo watu, mizigo na mafuta. Ukiongeza kwa mzigo, lazima upunguze kwa mafuta au kwa watu. Rubani anafanya hesabu hiyo kwa karatasi kabla ya kuwasha injini, akiamini namba alizopewa na watu wa mizani. Sasa piga hesabu pamoja nami: abiria 17, kila mmoja ameficha kilo 5. Hizo ni kilo 85. Ni mtu mzima mmoja amepanda na rubani hana habari. Tena Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la mchana linaifanya kuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia zaidi chini kabla ya kunyanyuka. Kilo ambazo asubuhi zingesamehewa, saa nane mchana hazisamehewi.

Wengi wanakumbuka habari ya Bandundu, tarehe 25 Agosti 2010. Let 410 ilianguka ikikaribia uwanja, watu 20 wakafa, mmoja akapona. Huyo mmoja alisimulia kwamba mamba aliyefichwa ndani ya mfuko alitoka, abiria wakakimbilia mbele kwa woga, na ndege ikapoteza usawa. Watu walicheka sana habari ya mamba, hata nje ya nchi walicheka. Mimi nilijiuliza swali moja tu: ule mfuko ulipita mbele ya nani, na nani hakuufungua?

Sisi wa Beni tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 iliruka kutoka Goma ikianguka muda huohuo katika mtaa wa Mapendo, juu ya nyumba za watu. Waliokuwa ndani wote walikufa, pamoja na watu waliokuwa chini. Ndege hiyo ilikuwa inakuja kwetu. Wengine walikuwa wanangojwa Mavivi, gari limeshaegeshwa, chakula kiko motoni. Na wakaaji wa Birere walikuwa wameshaona hayo kabla, tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ilipokosa kunyanyuka na kuingia sokoni, watu karibu 40 wakafa, wengi wao wakiwa watu wa chini ambao hawakununua tiketi yoyote. Silaumu hapa mtu wala kampuni. Uchunguzi si kazi yangu. Nasema tu kwamba anayechagua ndege hachagui kwa ajili yake peke yake.

Mtu mmoja aliniambia: "Si Ulaya wamekataa kampuni zetu zote? Basi zote ni sawa, nachukua ya bei ya chini." Hapo kuna kosa. Ni kweli kwamba tangu 2006 nchi yetu imo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya kampuni zilizokatazwa kuruka kwao, na leo kampuni zote zenye kibali cha Kongo zimo. Lakini orodha hiyo haikupima kila ndege moja moja na kukuta zote zimeoza. Inasema kwamba usimamizi wa serikali yetu hautoshi kuaminiwa. Maana yake kwako wewe wa Beni siyo kwamba zote ni sawa. Ni kinyume: kwa kuwa msimamizi ni mdhaifu, tofauti kati ya kampuni nzuri na mbaya inakuwa kubwa zaidi, na jicho linalobaki ni la rubani, la mwenye kampuni, na la kwako.

Na jicho lako linaona mengi kuliko unavyodhani. Nenda uwanjani siku moja kabla, au tuma mtu. Angalia kama wanapima mizigo yote au ya masikini tu. Angalia kama wanakupima wewe mwenyewe pamoja na mfuko wa mkononi. Wengine wanaona haya kupanda mizani mbele ya watu. Mimi nikiambiwa nipande, roho yangu inatulia. Uliza kampuni ina ndege ngapi hapa mashariki, kwa sababu yenye ndege moja, ikiharibika, utalala Bunia siku nne. Uliza ajanse wakuonyeshe hati yao ya usafirishaji wa anga, ile wanayoiita CTA. Mwenye nayo hakasiriki akiulizwa. Na kama kiti chako hakina mkanda, au unaambiwa ukae juu ya magunia katika ndege ya mizigo, shuka. Najua ni rahisi kusema, wakati umeshalipa. Shuka hata hivyo.

Usidanganywe na sura. Kuna wanaoogopa ndege yenye panga za kuzunguka na kuamini kwamba ile isiyo na panga ndiyo ya kisasa. Kwa viwanja vyetu vifupi, ndege ya panga ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nayo rangi mpya ubavuni haisemi kitu juu ya injini.

Juu ya jina katika tiketi, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo familia zilizohamishwa zinapoumia.

Miaka iliyopita, mimi mwenyewe nilisafiri kwa jina la mtu mwingine. Kulikuwa na tiketi ya binamu yangu aliyeugua, na mimi nilikuwa na kazi ya haraka Bunia. Nikamuuliza kijana wa ajanse: "Yaya, hakuna shida ya jina?" Akanijibu: "Jina si kitu. Ndeke haisome majina." Nikapanda. Tulipokuwa juu ya msitu, ndege ikaanza kutikisika katika mawingu, na wazo lililonijia halikuwa kifo. Niliwaza kwamba tukianguka, redio yangu mwenyewe itasoma jina la binamu, na mama yangu ataendelea kunitayarishia chakula jioni.

Orodha ya abiria ndiyo ushahidi wa kwanza kwamba ulikuwa ndani. Kwa orodha hiyo wanatafuta maiti, wanaita jamaa, wanadai bima. Asiyekuwemo kwa jina lake, watoto wake wataanza kesi ya kuthibitisha kwamba baba alikuwepo, tena bila pesa ya wakili. Na mtu aliyekimbia vita, aliyeacha kadi yake ya uchaguzi ndani ya nyumba iliyochomwa, ndiye anayeuziwa kwa urahisi tiketi ya jina lingine. Anaambiwa anasaidiwa. Kabla ya kwenda kwenye ajanse, nenda kwanza kwenye ofisi ya komini, omba hati ya kupoteza vitambulisho. Itakuchukua siku, itakugharimu kidogo, na nakubali kwamba huko nako kuna foleni na kuna wanaotaka kitu mkononi. Lakini utapanda ukiwa na jina lako. Ajanse ikikataa kukuandika bila karatasi, usiitukane. Itukane ile iliyokubali.

Tuje kwenye bei, maana najua ndiyo inayoamua. Tuseme tiketi moja ni dola 100 na nyingine ni 120. Nataja namba hizi kwa mfano tu. Ya 100 ina ndege moja, na wanaruka ndege ikijaa. Ya 120 ina siku zake zinazojulikana. Mwuza vitenge anachukua ya 100 na anafurahi. Jumatano ndege haikujaa. Alhamisi mvua. Ijumaa ndege iko Kisangani. Amelala usiku tatu zaidi, amekula, amelipa pikipiki kwenda uwanjani na kurudi mara tatu, na wateja wake wamenunua kwa mwingine. Zile dola 20 alizookoa ziliishia wapi? Katika safari fupi ya biashara, bei ya tiketi ni bei ya kwenda na kurudi siku uliyoahidi, pamoja na kodi za uwanjani kama Go-Pass, ambayo wengi wanaisahau mpaka wafike dirishani. Uliza kabla ya kulipa: ndege isipokuja, mnanirudishia pesa au mnanibadilishia siku? Jibu liandikwe juu ya risiti. Na usitume pesa kwa simu kwa namba ya komisionere; lipa ndani ya ofisi yenye watu na muhuri.

Kama unaweza kuchagua saa, chagua asubuhi, ukungu ukishaondoka. Kwetu mawingu makubwa yanajikusanya mchana, na rubani wa ndege ndogo anategemea sana macho yake. Akisema hatuendi, usijiunge na wanaopiga kelele. Nimeona wafanyabiashara wakimzunguka rubani kijana, wanamwambia "wewe ni mwoga, mwenzako jana alienda". Ni vibaya sana. Yule kijana anataka kufika nyumbani kuliko wewe unavyotaka kufika sokoni.

Neno moja kwa ndugu walio katika kambi: ndege za UNHAS ni za wafanyakazi wa misaada, wanaoandikishwa na mashirika yao. Hazina tiketi ya kuuzwa sokoni. Mtu akikuuzia kiti humo, hata akiwa na kofia na kadi shingoni, ni mwizi.

Na wale wanaopitia Kasindi na Kampala ili kuruka kutoka Entebbe, kwa Kinshasa au mbali zaidi, wana faida na hasara zao. Huko utakuta kampuni kubwa, ndege kubwa, saa zinazofuatwa. Lakini hesabu basi la kutoka mpakani, chakula, kulala, na kadi ya njano ya chanjo. Tena ukivuka Mpondwe, saa inaruka mbele kwa saa nzima. Kampuni inayofuata saa inakufungia mlango bila kukuonea huruma, na saa yako ya Beni inakuambia bado mapema. Nimempokea redioni mtu mmoja aliyepoteza tiketi kwa sababu hiyo. Alikuwa analia na sisi tunacheka, halafu tukaona haya.

Lakini siwezi kuwabebesha abiria kila kitu. Mama mwenye vitenge hawezi kuwa mkaguzi wa injini. Kinshasa inahesabu makampuni ya taifa: Air Zaïre ilikufa katika miaka ya 1990, Congo Airways ikaanza kuruka 2015, na Desemba 2024 ikaja Air Congo pamoja na Waethiopia. Ni vizuri. Sisi wa viwanja vidogo tunazisikia sana redioni kuliko tunavyoziona. Ninachoomba wakubwa wa usafiri wa anga hapa jimboni si kikubwa na hakigharimu ndege mpya. Wabandike kwenye mlango wa kila uwanja, kwa Kiswahili na Kifaransa, orodha ya kampuni zenye kibali kinachoendelea, pamoja na tarehe ya mwisho ya kibali. Waweke mizani mahali ambapo abiria wote wanaona namba. Na anayepandisha mtu kwa jina la mwingine aadhibiwe yeye, siyo yule mkimbizi aliyeuziwa. Nimeomba mara mbili kuwahoji juu ya mambo haya, niliambiwa nirudi wiki ijayo. Nitarudi.

Juzi nilikuwa Mavivi kumsindikiza mgeni. Mbele yetu kulikuwa na mama mmoja, namfahamu kwa sura, alikuja kutoka Lubero na watoto watano. Alikuwa na mifuko miwili ya vitenge. Mizani ikaonyesha kilo ine zaidi. Kijana wa mizani akasema, "Mama, hii haiwezi kupanda." Mama akamwita mwanangu, akamwita shemeji, akamwonyesha watu wengine waliopita, akatoa franka. Kijana akaweka mikono nyuma ya mgongo na kurudia maneno yaleyale. Mama alifungua mfuko pale chini, akihesabu vipande kwa hasira, akanipa mimi vitenge vinane nimpelekee dada yake mtaani Boikene. Aliponipa alisema kampuni hii haina heshima, hatapanda tena. Alipofika Bunia alinipigia kuuliza kama nimevifikisha, na kama najua watakuwa na ndege Jumatano.